Wema Wenye Ujira

Vyuoni kwetu, wanachuo walipokaribia kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, lilikuwapo swali moja ambalo wakufunzi tulipenda kuwatupia: mtoto anayenyamaza darasani kwa sababu ameahidiwa peremende, je, ana adabu? Wengi walijibu upesi kuwa hana. Wachache, na aghalabu hao ndio waliokuja kuwa walimu wazuri, walikaa kimya kwanza. Nilifundisha ualimu miaka mingi na nikamalizia kazi nikiwa mkuu wa chuo. Sasa nimestaafu, umri umepita sabini, nakaa pwani, na swali lile limenijia upya katika vazi la uvuvi: mtu anayelipwa fedha ili asile mayai ya kasa, je, ametenda wema?

Msomaji wa bara huenda akacheka. Kuna wema gani katika kutokula yai? Basi anivumilie kidogo, maana jambo lenyewe haliwezi kupimwa bila kujua kinacholindwa, mahali kinapolindwa, na nani anayekosa kitoweo ili kilindwe.

Saadani ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni hifadhi ya taifa pekee nchini Tanzania ambako wanyama wa nyika, tembo, twiga na kongoni, huishi bega kwa bega na Bahari ya Hindi. Ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba, na katika kuipanua yakaingizwa maeneo ya iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja pamoja na msitu wa Zaraninge. Mto Wami unaingia baharini humo, na mdomoni mwake kumejaa mikoko, viboko na mamba. Kaskazini yake uko ufuko wa Madete, ambako kasa hupanda kutaga. Lakini Saadani ni kijiji pia, tena kikongwe kuliko hifadhi na kuliko serikali zote zilizopata kukitawala. Misafara ya biashara kutoka bara ilishukia hapo, na mwaka 1889 Bwana Heri aliwapinga Wajerumani kwa silaha hapo hapo. Nalitaja hili kwa sababu watu wengine wakisikia neno hifadhi hudhani ni mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Sasa kasa mwenyewe. Jike hutoka majini usiku, akajikokota hadi juu ya mstari wa maji ya bamvua, akafukua shimo kwa mapezi ya nyuma kwa ustadi ambao hakufundishwa na mtu, akataga mayai yapatayo mia moja au zaidi kidogo, akayafukia, akarudi zake baharini. Halindi, halei. Katika msimu mmoja hurudia kazi hiyo mara kadhaa, kisha hupumzika miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Mayai hukaa mchangani yapata miezi miwili, na joto la mchanga ndilo huamua jinsia ya vitoto: ukizidi joto hutoka majike, ukipoa hutoka madume. Vitoto hutoka usiku na kuelekea kwenye mwanga hafifu wa upeo wa bahari, ndiyo maana taa kali ya hoteli inaweza kuvipoteza vikaishia vichakani. Wakiwahi kufika majini, kuna samaki wanaowangojea. Wataalamu hukadiria kuwa katika vitoto elfu moja pengine mmoja tu ndiye hufikia utu uzima. Mwalimu hawezi kuacha hesabu ipite hivi hivi: kama kila kiota kina mayai 110, basi viota tisa vikianguliwa vyote salama, tumepata kasa mmoja. Na huyo mmoja atachukua miaka ishirini, thelathini, pengine zaidi, kabla ya kupanda pwani ile aliyozaliwa, au ya jirani, ili naye atage.

Mikoko ina hesabu ya namna yake. Mizizi yake ile iliyosimama kama miguu ya kaa hushika tope, huvunja nguvu ya mawimbi, na katikati yake hulelewa kamba na samaki wadogo ambao baadaye huvuliwa huko nje. Watu wa pwani wamekata mikoko tangu zamani kwa boriti, mapau, kuni na mbao za kuundia vyombo. Boriti zetu zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni na Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale, huko na huku, ulifuata urefu wa boriti. Hakuna aliyehesabu kuwa ni dhambi.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Mayai mia moja si jambo dogo kwa nyumba isiyo na kitoweo. Babu za watu walikula mayai ya kasa na nyama yake (hoja ya halali na haramu nawaachia masheikh, ambao nao hawajaafikiana), wakakata mkoko wakajenga, wakafa wakiwa watu wema wenye kuheshimiwa. Mjukuu anafanya vile vile naye anapelekwa mahakamani. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya kasa na ukubwa wa misitu. Je, kitendo kisicho na hatia chaweza kugeuka kuwa kosa kwa sababu ya hesabu tu?

Mimi naona chaweza. Ukichota maji kisimani wakati wa masika humdhulumu mtu. Ukichota ndoo kumi wakati wa ukame ambapo kijiji kizima kinapanga foleni, umemdhulumu jirani, ingawa mkono ni ule ule na ndoo ni ile ile. Kwa hiyo sina ugomvi na sheria inayokataza kuua kasa na kuchukua mayai yake. Ninachouliza ni jambo jingine: ni nani aliyekausha kisima? Jarife linalonasa kasa hadi azame kwa kukosa pumzi, meli za kukokota nyavu za kamba, taa za mahoteli, tanuri za chokaa na chumvi zilizokula kuni za mikoko, na joto la dunia linalotokana na moshi wa nchi ambazo hazijui hata jina la Madete. Mvuvi mwenye ngalawa yumo katika orodha hiyo, simwondoi, lakini hakai mstari wa mbele. Walakini ndiye wa kwanza kuambiwa aache.

Tuje sasa kwenye ujira. Kusini zaidi ya Saadani, kisiwani Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, uliingia mwaka 2001 mradi wa kulinda kasa uliokuwa na utaratibu mwepesi kueleweka. Mwanakijiji akikiona kiota na kutoa taarifa, analipwa kiasi. Kiota kinalindwa. Vitoto vikishatoka, shimo linafukuliwa, maganda yanahesabiwa, na analipwa tena kwa kadiri ya mayai yaliyoanguliwa. Kwa hiyo yai lililo mzima mchangani likawa na thamani kwa mtu yule yule ambaye jana thamani yake aliijulia sufuriani. Huko Watamu, nchini Kenya, wavuvi nao wamekuwa wakipewa kitu kidogo tangu mwaka 1998 wanapomtoa taarifa kasa aliyenasa wavuni ili aachiwe badala ya kuchinjwa. Wizi wa mayai Mafia ulipungua sana. Hilo halina ubishi, na mimi sitalijadili.

Ninalojadili ni hukumu tunayoitoa juu ya mlinzi huyo. Nimewasikia wasomi, tena walio na mishahara, wakisema: hawa hawampendi kasa, wanapenda fedha, siku fedha ikikoma mtaona. Hoja hii si ya kudharau. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitoa mfano wa mwenye duka asiyewapunja hata wateja wasiojua bei. Ametenda haki, alisema, lakini kama ametenda hivyo kwa kuwa duka lenye sifa njema hupata wateja wengi, basi kitendo chake hakina thamani ya kimaadili. Na masheikh wetu, kwa njia yao, hutufundisha kuwa amali hupimwa kwa nia. Wahenga nao walionya kuhusu mgema akisifiwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kugawa zawadi darasani anajua tembo linavyotiwa maji: leo peremende moja kwa kunyamaza, kesho mbili, keshokutwa wanapiga kelele makusudi ili walipwe kuziacha.

Niliwahi kuyasema haya, kwa urefu na kwa maringo kidogo ya kizee, mbele ya shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mzaliwa wa Mafia aliyeingia katika kazi hiyo ya viota. Alinisikiliza huku akisuka mgono. Nilipomaliza akaniuliza:

"Shemeji Mwalimu, wewe ulifundisha bure?"

Nikamwambia hapana, nililipwa.

"Na hivi sasa unapokea pensheni?"

Nikakiri kuwa napokea.

"Mshahara ule ulikuwa hongo ili usiwaache watoto wa watu wajinga?"

Wala hakuinua macho kutoka kwenye mgono wake. Nilikaa na swali lile siku nyingi, nikaona kuwa limebeba zaidi ya alichokusudia mwenyewe. Hakuna mtu anayesema ualimu si wito kwa sababu mwalimu hulipwa. Wala hatusemi daktari hana huruma kwa kuwa jina lake limo katika orodha ya mishahara. Kwa nini basi mvuvi peke yake atakiwe kuthibitisha wema wake kwa njaa? Nadhani ni kwa sababu tunachanganya malipo ya namna mbili. Kuna malipo ya kumzuia mtu asitende uovu, kama mlungula unaompa mwizi ili apite mbali na nyumba yako. Hayo ni kweli ni machafu, na yanamharibu anayetoa na anayepokea. Na kuna malipo ya kazi, au ya hasara ambayo mtu ameibeba kwa manufaa ya wengine. Anayetembea ufukweni saa nane za usiku, wakati wa kusi, akitafuta nyayo za kasa badala ya kulala au kwenda baharini, amefanya kazi. Aliyeacha mayai mia yapite mbele ya wanawe wasiokula samaki siku hiyo, amebeba hasara. Na manufaa ya kazi na hasara hiyo ni yetu sote, mimi na wewe msomaji, na hata mtalii anayelipa kiingilio ili avione vile vitoto vikikimbilia majini. Sisi ndio wadeni, naye anapolipwa ni deni linalopungua.

Hata hivyo, shemeji hakunishinda katika yote. Mshahara wangu ulilipia nini hasa? Ulilipia vipindi. Haukulipia ile saa ya ziada ya kumweleza mtoto mzito hesabu za sehemu kwa mara ya tano bila kumvunja moyo, wala haukuweza kujua kama nilisahihisha madaftari kwa kuyasoma au kwa kuweka alama ya vyema bila kutazama. Hakuna mkaguzi anayeweza kuliona hilo. Kiota ni hivyo hivyo. Usiku, ufukweni, mtu yuko peke yake na mayai mia na kumi. Akichukua ishirini akayafukia mengine na kutoa taarifa ya kiota, nani atajua? Atalipwa kwa kukiona kiota, atalipwa kwa yatakayoanguliwa, na nyumbani watakula. Ujira unanunua taarifa. Kule kuyaacha ishirini yakae na wenzake hakuna aliyekulipia, na hakuna anayeweza kukulipia, kwa sababu hakuna aliyekuona. Kwa hiyo kama Kant angetembea Mafia usiku angepata alichokuwa akikitafuta, kimelala chini ya malipo kama yai chini ya mchanga. Ujira haukuondoa nafasi ya wema. Umeusogeza tu mahali ambapo sisi wa nje hatuuoni, na labda ndiyo sababu tunasema haupo.

Wapo watakaosema basi tuache fedha, tutumie woga. Sheria kali, askari, bunduki. Sheria inahitajika, nimekwisha sema. Lakini woga una mpaka wake. Mwezi Machi mwaka 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa yenye sumu, 8 kati yao wakiwa watoto. Ilikuwa si mara ya kwanza kwa nyama hiyo kuua watu Pemba. Mwaka 2021 pia walikufa watu. Hapo sheria ilikuwapo na kifo chenyewe kilikwisha jionyesha, kali kuliko hakimu yeyote, na bado kasa alipikwa. Simlaumu mama aliyewapakulia wanawe kile alichokipata. Nasema tu kwamba mtu mwenye sufuria tupu hasikilizi vitisho kwa sikio lile ambalo sisi tulioshiba tunasikilizia.

Lipo jambo moja ambalo ujira hauliwezi, nalo linanisumbua zaidi. Kiota hutoa majibu baada ya miezi miwili, hivyo chaweza kulipiwa. Mkoko je? Nani atamlipa mtu kwa boriti asiyoikata, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya kamba watakaovuliwa na mtu mwingine, pengine wa kijiji kingine? Na kasa mwenyewe, yule mmoja wa viota tisa, atarudi baada ya miaka thelathini. Kijana aliyekilinda kiota akiwa na miaka arobaini atakuwa na sabini. Mzee kama mimi hana hata tumaini hilo. Hakuna daftari la malipo lililo refu kiasi hicho. Hapa tunaingia katika amana, neno ambalo ni zito zaidi ya ujira. Mwalimu Nyerere alilisema jambo la namna hiyo mjini Arusha mwezi Septemba mwaka 1961, kabla hata bendera haijapandishwa: kwamba wanyama na maeneo yao tumekabidhiwa tuwatunzie vizazi vijavyo. Watu hulikumbuka hilo na kulipamba ukutani. Wanachosahau ni kuwa katika tamko lile lile aliomba nchi nyingine zisaidie kwa fedha na wataalamu. Hakuona aibu. Alijua amana ina gharama, na kwamba mzigo wa gharama hauwezi kuachwa kwenye bega la yule aliyezaliwa karibu na mnyama.

Lakini amana ina sharti ambalo ujira hauna. Kibarua waweza kumpa kazi bila kumuuliza maoni yake. Mwenye amana lazima ashirikishwe, la sivyo si amana, ni amri. Mgogoro wa mpaka kati ya hifadhi ya Saadani na wakazi wa kitongoji cha Uvinje umedumu miaka mingi, na hapa simo kuamua nani mkweli wa ramani. Nautazama kama mwalimu tu. Mtu unayembishia kuwa nyumba yake imo ndani ya hifadhi, utamwambiaje siku hiyo hiyo kuwa kasa ni mali yake na ya wajukuu wake? Maneno hayo mawili hayakai katika kinywa kimoja. Atakayelilinda yai kwa miaka thelathini asiyoiona ni yule tu anayeamini kwamba wajukuu wake watakuwapo pale kumpokea kasa atakaporudi.

Shemeji amezeeka sasa. Kazi ya viota ameirithi mwanawe. Jina lililo daftarini ni la kijana na malipo anapokea kijana. Lakini nilipokwenda Mafia mara ya mwisho, tulikaa barazani baada ya isha, na nikaona anatazama saa. Akaomba radhi, akachukua fimbo na kurunzi yenye kitambaa chekundu, akamfuata mwanawe ufukweni. Kiota kilikuwa kimetimiza siku hamsini na nane. Mkewe akaniambia ndivyo anavyofanya kila kiota kinapokaribia. Alirudi karibu na alfajiri, miguu imejaa mchanga. Nikamuuliza kilichompeleka na hali yeye halipwi tena.

"Hao niliwahesabu mimi wakiwa mayai," akasema, "nataka kujua wametoka wangapi."

Walikuwa tisini na wanne.